Saa Ndogo za Michezo za Wanawake: Kuzikusanya Lamu Bila Kuliwa na Chumvi

Saa za michezo za wanawake za miaka ya 1960 hadi 1990 bado zinapatikana Lamu na Malindi kwa bei ya kuzungumzika, na sababu ni udogo wake. Wapenzi wengi wa saa za kale wanataka za kiume, zenye upana wa milimita 36 kwenda juu. Ile ya milimita 24 au 28 wanaisukuma kando, na fundi asiyepata mnunuzi wake huivunja akatoa kioo, springi na pini. Kwa hiyo zilizo nzima zinazidi kupungua, na hilo linauma, kwa sababu ndani ya vikasha hivi mna kazi ngumu kuliko ya saa kubwa: mashine ya otomatiki (inayojijaza kwa mwendo wa mkono) yenye siku na tarehe, imepangwa mahali pasipofika upana wa sarafu ya shilingi ishirini.

Kanuni ya pwani ni hii: nunua uso na kasha kwanza, mashine baadaye. Mashine iliyosimama husafishwa, hutiwa mafuta, au hubadilishwa na nyingine ya namba ileile. Uso ulioingiwa na unyevu wa bahari hauponi. Mtu wa Nairobi anaweza kuanza na mashine, sisi wa huku hatuwezi.

Ipi ni saa ya michezo?

Si kila saa ya kike ni ya michezo. Zile nyembamba za rangi ya dhahabu, zilizotolewa kwenye harusi, ni mkusanyo mwingine. Ya michezo utaitambua kwa kasha la chuma kisichoshika kutu, mfuniko wa nyuma wa kukazwa kwa kuzungusha, mpira wa kuzuia maji, akrabu nene zenye rangi ya kung'aa gizani, na mara nyingi bezeli (pete iliyo pembezoni mwa kioo) inayozunguka. Habari hii inaanzia mbali: mwezi wa Oktoba 1927 muogeleaji Mwingereza Mercedes Gleitze aliingia tena katika mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa akiwa na saa ya kuzuia maji, Rolex Oyster. Hakumaliza safari hiyo kwa ubaridi, lakini baada ya zaidi ya saa kumi majini saa yake ilikuwa bado inaenda, na kampuni ikaitangaza kwa jina lake.

Kwa anayeanza, Rolex isiwe ya kwanza. Bandia ni nyingi na kosa lake ni ghali. Anza na Seiko. Saa hizi zililetwa kwa wingi na watu waliorudi kutoka Ghuba na mabaharia, na mafundi wetu wanazijua. Seiko 5 ndogo za otomatiki ndizo za kujifunzia. Ukizizoea, tafuta Seiko ya kuzamia ya wanawake yenye mashine 2205 ya miaka ya 1970, au 4205 iliyokuja baadaye, ambayo kasha lake ni la wastani na linamkaa mwanamke na hata mwanamume mwenye mkono mwembamba. Ya betri ni 2625: nzuri sana, lakini sakiti yake ikifa, kupata nyingine ni kazi.

Malindi ina hazina yake. Waitaliano wamekuwa wakiishi huko na kwenda na kurudi tangu miaka ya 1960, na baadhi ya saa zao zimebaki mjini: Heuer za kuzamia za mfululizo wa 1000, zilizotengenezwa pia kwa kipimo cha kike, TAG Heuer Formula 1 za plastiki za kuanzia 1986, na Swatch Scuba 200 zilizoanza 1990. Ukiona Timex Ironman, ambayo nayo ilitoka 1986, au Casio Baby-G za kwanza za 1994, usizidharau. Ila tahadhari na plastiki. Joto na unyevu huvunja resini polepole, ikawa ngumu, kisha ikakatika penye tundu la mkanda. Kunja mkanda kidogo kabla ya kulipa. Ukisikia mlio mkavu, hesabu kwamba utahitaji mkanda mpya, na wa asili haupatikani hapa.

Kuuliza na kuona

Masonara wa Usita wa Mui (njia kuu ya mji wa Lamu), mafundi saa wenye meza za kioo, na mafungu ya mtumba ndiko kwa kuanzia. Lakini saa bora ziko majumbani, sandukuni, zimesimama tangu betri ilipokwisha. Ukienda kwa bibi mwenye saa yake, nenda na mtu anayejulikana nyumbani, amkia, keti, na usitaje bei mwanzo. "Shikamoo, bibi. Nimeambiwa una saa ya zamani, nilitaka kuiona tu kama hutojali." Mpe nafasi aieleze. Akisema ni ya marehemu na haiuzwi, mwambie betri iliyokwisha isikae ndani, mwombe ruhusa umtolee, kisha ushukuru. Saa itakuwa salama, nawe utakuwa umetenda wema.

Chukua vitu vinne: lenzi ya sonara ya kukuza mara kumi, tochi ndogo, dira ndogo, na kitambaa laini. Fungulio la mfuniko liache nyumbani, isipokuwa mwenyewe ameruhusu.

Anza na uso. Uweke chini ya jua la dirishani, uinamishe pande zote. Madoa ya rangi ya chai pembezoni ni unyevu ulioingia kupitia kioo. Madoa karibu na saa tatu ya usoni, pale penye ufunguo wa kujazia saa, maana yake mpira wa ufunguo umekufa, na hapo chuma cha mhimili kimeshaanza kuliwa. Rangi iliyovimba kama malengelenge itaendelea kuanguka hata ukiikausha saa leo. Iache, labda uitake kwa vipuri.

Kisha geuza. Soma maandishi ya nyuma kwa lenzi. Maneno "Stainless Steel Back" yanaeleza mfuniko tu. Kasha lenyewe mara nyingi ni shaba iliyopakwa kromu, na hilo ni tego linalonasa wengi. Kromu ikishatoboka kwa jasho, chumvi hupita chini yake, ukaona vishimo vya kijani kwenye masikio ya mkanda (ncha za kasha zinazoshika mkanda), na hakuna ufundi wa hapa unaovirudisha. Unataka yaandikwe kwamba kasha zima ni la chuma hicho.

Kwenye Seiko utaona namba nne, kistari, namba nne. Za kwanza ni mashine, za pili ni kasha. Pembeni yake kuna namba ya mfululizo. Kwa zile za tarakimu sita, ya kwanza ni mwisho wa mwaka, ya pili ni mwezi: 1 hadi 9, kisha O, N na D kwa Oktoba, Novemba na Desemba. Mfuniko unaoanza na 78 umetengenezwa Agosti, mwaka unaoishia na 7. Ni 1977 au 1987? Mashine itakuambia, kwa sababu 2205 ni ya miaka ya 1970.

Chini kabisa ya uso, pembeni mwa alama ya saa sita, Seiko waliandika namba kwa herufi ndogo mno. Namba nne za kwanza hapo zilingane na za mfuniko na za mashine ndani. Namba za mwisho zinaweza kutofautiana, usibishane kwa ajili yake. Pasipo maandishi hayo kabisa, au herufi zikiwa nene na zimepinda, huo ni uso uliopakwa upya. Nyingi za namna hiyo zilipakwa Bara Hindi na kuletwa huku zikiwa na rangi za kuvutia, buluu kali au machungwa. Kama moyo umependa rangi, nunua kwa bei ya saa ya kuvaa. Si ya mkusanyo, na atakayeinunua kwako naye aambiwe hivyo.

Angalia rangi ya kung'aa. "T Swiss T" au "T<25" chini ya uso ni tritiamu, dutu yenye mionzi dhaifu, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila miaka 12 hivi, kwa hiyo ya 1970 haing'ai tena na si kasoro. Akrabu zikiwa zinang'aa vikali na uso umelala, kuna mtu amezipaka. Zile za kabla ya katikati ya miaka ya 1960 zisizo na herufi T zinaweza kuwa na radiamu, hasa zikiwa na rangi ya kahawia iliyounguza alama ya akrabu usoni. Radiamu hupungua nusu kwa miaka 1,600. Rangi yake hufa, mionzi haifi. Saa hiyo usiifungue, usiikwangue, isikae chumba cha kulala wala karibu na watoto, na unga wake usivutwe puani. Wengi wanaona woga huu umezidi. Haujazidi.

Sasa mashine. Ya ufunguo, ijaze taratibu mpaka ikaze, usilazimishe. Ya otomatiki, itikise kwa upole ubavuni mara 20 au 30. Seiko 5 nyingi za kale hazijazwi kwa mkono, na kuzungusha ufunguo wake hakuna faida. Sikiliza kwa sikio uso ukiwa juu, uso ukiwa chini, na ufunguo ukiwa chini. Mlio ukibadilika sana mahali pamoja, mhimili wa gurudumu la mizani umechakaa. Ukiruhusiwa kuiweka nyumbani usiku mmoja, ilinganishe na simu: sekunde 30 mbele au nyuma kwa siku ni ya kawaida kwa mashine ndogo ya umri huo, dakika mbili si ya kawaida. Ikikimbia mbele kwa dakika nyingi, isogeze karibu na dira. Sindano ikiyumba kila gurudumu linapopiga, springi imeshika sumaku, labda ililala karibu na spika. Kifaa kidogo cha kuondoa sumaku kinamaliza tatizo hilo kwa sekunde chache, nawe umepata saa nzima kwa bei ya mbovu.

Usipige hesabu ya bei ya saa peke yake. Jumlisha usafishaji wa mashine, mipira miwili, kioo na mkanda, kisha punguza jumla hiyo kwenye pesa ulizopanga kulipa. Kama unanunua kwa mtu wa mbali, usitume pesa kwa simu kabla ya kuona picha tano za mchana: uso kwa mbele, mfuniko, ubavu wenye ufunguo, masikio ya mkanda, na mashine ikiwa wazi. Asiyetaka kufungua mfuniko ana sababu.

Betri

Saa ya betri ikiwa imesimama, toa betri siku hiyohiyo. Iliyovuja huacha unga mweupe au wa kijani, na unga huo unakula nyuzi za koili ambazo ni nyembamba kuliko unywele. Paguse kwa kijiti cha meno kilicholowa tone moja la siki, kisha ukaushe. Siki isifike kwenye koili.

Weka betri ya oksidi ya fedha, volti 1.55, zenye herufi SR. Za wanawake hutumia zaidi 377 (SR626SW), 364 (SR621SW), 321 (SR616SW) na 379 (SR521SW). Namba zenyewe ni vipimo: 626 ina upana wa milimita 6.8 na unene wa 2.6. Pakiti za bei rahisi zilizoandikwa AG4, AG1 au LR ni za alikali. Zinaingia vizuri, lakini volti hushuka polepole na huvuja mapema, hasa katika joto letu. Ni tofauti ya pesa kidogo inayookoa mashine nzima. Tumia kibano cha plastiki, cha chuma kikigusa pande mbili za betri kinaimaliza. Na akrabu ya sekunde ikianza kuruka mbili-mbili, saa si mbovu, betri inaaga. Saa nyingi zimetupwa kwa kutojua jambo hilo.

Kufungua, kusafisha na mpira

Ondoa mkanda kwanza. Upana kati ya masikio ni milimita 10 hadi 14 kwa nyingi, 16 kwa za wastani. Pini za zamani zilizokaa baharini hukatika zikiwa mkononi, kwa hiyo badilisha zote mbili hata kama zinaonekana nzima. Zinauzwa kwa bei ya kahawa, na saa nyingi zimezama kwa pini moja tu.

Mfuniko wa kukazwa unataka fungulio lenye meno yanayoingia sawasawa. Funika kasha kwa utepe wa karatasi, acha vishimo vya mfuniko tu. Kisu na mkasi hapa ni maafa: huteleza, kikaacha kovu refu, na thamani imekwenda. Mfuniko ukigoma, chumvi imegandisha nyuzi. Tia tone la mafuta ya kupenya pembezoni kwa sindano, uso ukiwa juu ili yasishuke ndani, ulaze hadi kesho.

Mpira wa zamani mara nyingi umegeuka kuwa kama lami. Uondoe kwa kijiti cha mti, futa mfereji kwa kitambaa chenye mafuta ya kiberiti cha petroli kidogo sana, na mashine iwe imefunikwa. Mpira mpya uwe wa nitrili, unene wa milimita 0.5 hadi 0.8, upana wa ndani ulingane na mfereji bila kuvutwa. Upake grisi ya silikoni kiasi cha kumetameta tu. Ikizidi, joto litaisukuma hadi kwenye mashine. Mfuniko mtupu na kasha tupu huoshwa kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini, kisha hukaushwa kabisa. Katika usafishaji wa kawaida, mashine na uso haviguswi na maji wala na kidole.

Kioo cha plastiki chenye mikwaruzo midogo husuguliwa kwa dawa ya meno nyeupe na pamba, dakika tano kwa mzunguko mdogo. Cha kioo halisi hakikubali, kibadilishe. Kasha usilipige msasa. Kingo zilizotengenezwa kiwandani zikishalainishwa hazirudi, na mkusanyaji anayejua anaziangalia kabla ya kitu kingine.

Maandishi ya mita 100 au 200 nyuma yalikuwa kweli saa ilipokuwa mpya. Leo, hata ukiweka mipira mipya, ichukulie kama saa ya kuzuia matone ya mvua tu, mpaka imepimwa kwa mashine ya shinikizo. Kipimo cha nyumbani: pasha kioo kwa joto la mkono, tia tone la maji baridi juu yake kwa dakika moja, futa. Ukungu ukitokea kwa ndani, kuna unyevu ndani yake tayari.

Tarehe usiirekebishe kwa kuruka haraka wakati akrabu ziko kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, yaani kati ya alama ya tisa na ya tatu usoni, maana meno ya tarehe yameshashikana na jino jembamba litavunjika. Peleka akrabu kwanza hadi chini, mahali pa alama ya sita, ndipo ubadilishe tarehe. Na kama mwenye saa ameitega kwa hesabu ya Kiswahili, akrabu ziko juu wakati wa magharibi, na tarehe hugeuka wakati huo au alfajiri. Hatari ipo pale akrabu zinapoonyesha, si pale jua lilipo.

Kuhifadhi

Unyevu wa Lamu hauchagui msimu, lakini kusi na masika ndio wakati mgumu. Kabati la mbao si hifadhi. Chukua chombo cha plastiki cha lita moja chenye mfuniko wa mpira, weka vifuko viwili au vitatu vya silika (chembe za kunyonya unyevu) vya gramu 10, na kipima unyevu kidogo. Unataka asilimia 40 hadi 50. Chini sana nako si kuzuri kwa mikanda ya ngozi, kwa hiyo mikanda ikae nje. Silika yenye rangi hukuambia ikishalowa. Ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 kwa saa mbili, ipoe ndani ya chupa iliyofungwa, irudishe. Mchele hauifanyi kazi hiyo, na unga wake huingia kwenye saa. Hii ni ya saa za chuma zilizotiwa mpira. Za radiamu zisifungiwe humo, hutoa gesi inayojikusanya. Ziwe kwenye nafasi yenye hewa, mbali na watu.

Saa ivaliwe mwisho, baada ya marashi, mafuta ya nywele na hina kukauka. Spiriti ya marashi hupasua kioo cha plastiki kwa vijistari vidogo visivyosuguliki, na fukizo la udi huacha utando wa kunata kati ya pete za bezeli. Jioni ifute kwa kitambaa kilicholowa maji baridi ya bomba, kisha kikavu. Jasho na chumvi vikilala usiku mmoja, asubuhi vimeshaanza kula.

Kama saa imeingia maji ya bahari, usiikaushe juani. Chumvi ikishakauka, kutu huanza siku hiyo. Ya betri, toa betri hapohapo. Ya mashine, ukiwa na ujasiri na fungulio, toa mfuniko, suuza upande wa mashine kwa maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa betri za gari (hakikisha si asidi, chupa zinafanana), huku ukizuia uso usilowe. Itikise maji yatoke, ifunge ndani ya chombo chenye silika, na uipeleke kwa fundi siku hiyohiyo ukimwambia wazi kwamba ni maji ya chumvi, ili aivunje yote na asiridhike kuipuliza tu.